Pijo ya Mke Wangu na Injini ya Machage

Mke wangu Dafroza alileta nyumbani gari lisilo na injini mwaka wa sabini na moja, likikokotwa na ng'ombe. Nilikuwa nimekaa barazani kwetu Nyasho, hapa Musoma mjini, nasahihisha madaftari ya wanafunzi, nikaona msafara unatokea upande wa Buhare, nikadhani ni mkokoteni wa kuni. Uliposogea nikamwona Dafroza mwenyewe yuko ndani, ameshika usukani kwa mikono miwili, anaugeuza kulia na kushoto kuwafuata ng'ombe, amenyoosha shingo kama mkuu wa wilaya.

Lilikuwa Pijo ya zamani, aina ile ya mia mbili na tatu, yenye mgongo wa mviringo kama kobe. Wakati wa mkoloni lilikuwa mali ya Mzungu mmoja aliyenunua pamba Bunda, na dereva wake alikuwa baba yake Dafroza, marehemu mzee Clementi. Kila Jumamosi mzee aliwapa watoto wake kazi ya kuliosha. Dafroza aliliosha tangu ana miaka saba mpaka akaolewa. Viganja vyake vililijua bati lile lote, lakini hakuwahi kuruhusiwa kukaa ndani. Baada ya Uhuru Mzungu akarudi kwao. Gari likauzwa, likauzwa tena, likafa. Injini ikachomolewa ikaenda kusikojulikana, bodi ikatupwa nyuma ya ghala moja Buhare, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Dafroza alikuwa fundi cherehani. Alimshonea mwenye ghala mapazia ya nyumba nzima, malipo yake yakawa gari.

Nilimuuliza atalifanyia nini.

"Nitalitengeneza," akasema.

Nikamuuliza, likishatengenezwa?

"Tutalipanda."

Hakusema litabeba mizigo wala kwamba litatuletea faida yoyote. Mimi ni mwalimu wa jiografia, mikono yangu haijui spana, kwa hiyo niliona kazi yangu ni kumwachia kivuli cha upande wa jikoni na kunyamaza. Kwa kweli nilipenda kumtazama. Alipokuwa akishona alikuwa mtu wa kuhesabu muda, maana wateja walikuwa wanamngoja. Alipokuwa kwenye gari hakuna aliyemngoja, na uso wake ulibadilika.

Maneno hayakukosekana. Jumapili moja baada ya ibada akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Nathanieli, mtu mpole lakini mwenye kuogopa kulaumiwa na wakubwa wa chama. Alilizunguka gari akiwa ameweka mikono nyuma. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba watu wanauliza. Azimio la Arusha halijamaliza hata miaka mitano, na hapa kuna mwalimu, mtumishi wa umma, mwenye gari mlangoni. Watu wananusa harufu ya ukabaila. Nikaanza kujieleza, nikajikuta naeleza mambo mengi kuliko niliyoulizwa. Sauti ya Dafroza ikatoka chini ya gari, ambako tulikuwa tunaona miguu yake tu.

"Ndugu balozi, umewahi kumwona kabaila amelala chini ya gari lake na kutu imemwingia machoni?"

Nathanieli akainama kumtazama. Akamuuliza anafanya nini huko chini. Dafroza akamwambia amshikie kipande cha bati kwa juu, asogee kidogo, hapo hapo. Balozi alikuja na suti ya kanisani, akaondoka saa ya chakula cha mchana na kutu mpaka kwenye kola. Tangu siku hiyo, mtu akimuuliza habari za lile gari, alikuwa anajibu kwamba amelikagua mwenyewe.

Sakafu ilikuwa imeliwa yote. Ryoba, fundi wa kuchomelea aliyekuwa na kibanda karibu na bandari, alikata pipa la mafuta akaligonga mpaka likawa bapa, akaziba matundu. Rangi ya zamani Dafroza aliikwangua kwa majani ya msasa, yale ya kukwaruza ambayo mafundi wa viti huyatumia kulainishia mbao. Chini ya rangi ya kijivu akakuta nyingine nyeusi, na chini yake kijani kilichoiva, ndicho alichokuwa akikiosha utotoni. Kijani hakikupatikana Musoma. Kilichopatikana ni buluu ya mafundi wa mitumbwi. Akapaka kwa brashi, michirizi ikaonekana. Akakwangua yote, akapaka upya. Haikumridhisha, akakwangua tena. Mara ya tatu ukisimama mbele ya mlango ulijiona uso. Viti alivivika turubai, akavijaza pamba safi kutoka Bunda. Wiki nzima alishona usiku na mchana nguo za watu ili apate nafasi ya kushona viti vyake.

Kitu kilichowachekesha watu zaidi ni mafuta ya nyonyo. Dafroza alikumbuka kwamba ekseli ya nyuma ya Pijo ile haipendi mafuta ya kawaida ya gari.

"Baba alikuwaga anasema inataka nyonyo," alituambia. "Ukiiwekea mafuta mengine inalia."

Ryoba alibisha. Dafroza hakubishana naye, alipanda basi akaenda Butiama kwa mama yake, ambaye alikuwa anakamua nyonyo za kupaka watoto na za kulainishia ngozi. Akarudi na chupa kadhaa, akachuja mafuta kwa kitambaa mpaka yakawa maangavu, akayamimina. Ryoba akaizungusha ekseli kwa mkono, akaizungusha tena, akasema haya, ameshindwa. Gari zima likanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Hivyo likakaa pale, buluu, linang'aa, na mbele hamna kitu. Watoto wa Nyasho waliliita jeneza la mkuu. Mimi nilidhani mwisho wake ndio huo, na nikaona si vibaya. Jioni tulikuwa tunakaa ndani yake tunakunywa chai.

Mwaka wa sabini na tatu dereva mmoja wa basi alimwambia Dafroza kwamba kuna mtu Bunda anasaga mahindi kwa injini ya Pijo. Siku ya pili yake tulikuwa ndani ya basi.

Mtu huyo aliitwa Machage. Alikuwa Mkurya mrefu, wa umri wa kati, amehamia Bunda kwa ajili ya mashamba ya pamba, ameoa Msukuma jina lake Mbuke. Tulimkuta kwenye kibanda chake cha nyasi, kinamama wamepanga foleni na vikapu vya mahindi, na injini inanguruma imefungwa juu ya magogo, mkanda wa mpira unazungusha jiwe la kusagia. Nilichokiona kwanza ni usafi. Kibanda kizima kilikuwa cheupe kwa unga, lakini injini ilikuwa imefutwa kama sufuria ya harusi.

Dafroza alisoma namba zilizogongwa ubavuni mwa injini. Alizijua, ndizo za Pijo yetu; baba yake alikuwa amezikwaruza kwa msumari kwenye ukuta wa nyumba yao. Akamweleza Machage habari yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kuficha kitu. Machage alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, injini hii inasaga ugali wa watu. Gari yako inasaga nini?"

Niliona hapo safari yetu imekwisha. Dafroza alitulia akiisikiliza injini, kichwa amekiinamisha upande.

"Plagi moja haichomi," akasema.

"Najua. Nimeitafuta mpaka Mwanza."

Tukarudi Musoma. Mwezi uliofuata Dafroza alikwenda tena Bunda, amebeba plagi ambayo Ryoba aliitafuta kwa rafiki zake wa bandarini. Hakuomba kitu. Waliifunga wote wawili, wakaisikiliza, Mbuke akawapikia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Baadaye ikawa desturi. Mara baada ya mwezi mmoja, mara baada ya miwili, Dafroza alikwenda kwa Machage, na mara nyingine mimi nilimsindikiza. Walifungua kabureta wakaisafisha. Walibadilisha gasketi kwa kukata ngozi na karatasi ngumu. Machage alimwonyesha makopo ya Kimbo, yale ya mafuta ya kupikia, ambamo alikuwa ametunza kila kitu alichokiondoa kwenye injini alipoifunga kwenye mashine: klachi, skrubu, springi, mpaka vipande asivyojua ni vya nini. Nikamuuliza kwa nini alivitunza ikiwa hana gari. Akasema chuma kilichotengenezwa vizuri kinatia huruma kukitupa. Nikamtazama Dafroza, naye akanitazama. Tulikuwa tumempata ndugu.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na nne. Bei ya petroli ilikuwa imepanda vibaya, na operesheni ya vijiji ikafika Bunda. Machage na Mbuke waliambiwa wavunje nyumba wahamie kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Walihama bila ubishi. Mambo yaliyofuata alitusimulia Mbuke, maana mume wake hakuweza kuyasema.

Kwenye mkutano wa kwanza wa kijiji Machage alisimama, akasema ana mashine ya kusaga, inafanya kazi, naye anaitoa iwe ya kijiji, bure. Alikuwa amevaa shati lake zuri kwa ajili ya maneno hayo. Halmashauri ikamsikiliza. Mwenyekiti, mtu aliyeitwa Nyamburi, akamshukuru, akaeleza kwamba kijiji kimeahidiwa mashine ya dizeli, tena mpya. Akaongeza kwamba injini ile inakunywa petroli ya bei mbaya, haifai, ni chuma chakavu, aiache tu kule kwenye mahame. Watu wakapiga makofi kwa ajili ya mashine mpya. Machage akakaa. Mbuke alisema siku zilizofuata mume wake alikuwa anakwenda kwenye mahame kila asubuhi, anaifuta injini, anaifunika, anarudi, haongei.

Sisi hatukujua lolote. Siku moja mchana lori la pamba likasimama mbele ya nyumba yetu, Machage akateremka. Nyuma ya lori, katikati ya magunia, injini ilikuwa imefungwa blanketi la kitandani. Makopo ya Kimbo alikuwa ameyabeba mapajani njia nzima.

Dafroza alimkaribisha maji. Alikunywa, akaweka kikombe chini.

"Mama, sijaja kuuza," akasema.

"Sawa, mzee Machage."

"Wala sikugawii bure. Nilijaribu kugawa, sikupata wa kupokea. Nimekuja nayo. Inapokwenda injini hii na mimi nimo."

Dafroza akageuka kuitazama Pijo. Nilijua anayowaza. Alikuwa amelala chini ya lile gari miaka mitatu, amekwangua rangi mpaka kucha zikaisha. Kila nati ya pale ilikuwa ya jasho lake, na sasa aliyekuwa amemsumbua safari hizo zote alikuwa anataka nusu. Nilimwona anaangalia blanketi. Lilikuwa zuri, la rangi nyekundu, na lilikuwa limeharibika kabisa kwa grisi.

"Bodi yangu, injini yako," akasema. "Gari yetu."

Machage akanigeukia, kama ilivyo heshima, akataka kusikia baba mwenye nyumba anasemaje. Nikamwambia mimi katika gari hili nina kivuli tu, na kivuli nimekwisha kukitoa.

Alilala kwetu muda wa kutosha mpaka kazi ikaisha. Ryoba alisimamisha miti mitatu, akafunga mnyororo, injini ikapandishwa, ikashushwa mahali pake taratibu huku Dafroza akiiongoza kwa mikono. Ilikaa bila kusukumwa. Klachi ilisumbua, kwa sababu ilikaa miaka kwenye kopo ikashika kutu, wakaifungua na kuifunga mpaka niliacha kutazama. Siku ya kuiwasha Nathanieli aliomba azungushe hendeli ya kuwashia. Ilimrudi ikamgonga kiganja, akasema si kitu, akazungusha tena. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Mara ya tatu ikawaka, na mlio wake ukatulia chini kabisa, laini, tofauti na ule wa kibandani.

Dafroza akaweka gia, kama alivyokuwa akimwona baba yake akifanya. Gari halikwenda. Watu waliokusanyika wakaanza kunong'ona.

"Imezoea kukaa mahali pamoja," Machage akasema. "Ngoja ikumbuke."

Dafroza akainua mguu polepole zaidi, Pijo ikatikisika, ikatoka kivulini, ikapita katikati ya watu, ikaingia barabarani. Machage alikuwa pembeni yake. Walizunguka Nyasho, wakashuka mpaka ziwani, wakarudi. Walipofika, Machage alifungua mlango akabaki amekaa, akaomba waende tena.

Julai ya mwaka uliofuata, shule zimefungwa, Machage alitujia kwa basi, tukafunga safari yetu ya kwanza ndefu: Musoma mpaka Butiama, kisha Bunda. Petroli tulikuwa tumeikusanya kidogo kidogo. Njiani watu walituuliza tunakwenda wapi, kuna msiba gani, nani mgonjwa. Dafroza alikuwa anawajibu wote kwamba tunatembea. Mzee mmoja wa njiani hakuamini, akatupa pole.

Kule Butiama mama mkwe wangu alitoka nje akajifunika khanga aliponiona, kama inavyotakiwa kati yetu, akanisalimia akiwa ameangalia migomba. Alitaka kupanda gari. Ila kwa mila zetu mkwe na mama mkwe hawakai mahali pamoja, sembuse ndani ya Pijo, ambamo goti linagusana na goti. Kwa hiyo nilishuka, nikaenda kusimama na mbuzi upande wa pili wa zizi mpaka yeye akae. Walimzungusha mpaka alipotosheka, na hakutosheka haraka. Dafroza aliniambia baadaye kwamba mama yake alinusa hewa mle ndani, akasema, "Hii ni nyonyo yangu," na kwa njia yote iliyobaki akawa anapungia watu mkono.

Bunda tulifika jua likiwa bado juu. Tulipoingia kijijini kwa Machage watu waliacha majembe. Mbuke alikuwa wa kwanza kufika, akamkumbatia Dafroza dirishani kabla gari halijasimama. Machage alishuka, akafungua boneti, akasimama kando. Wakaja kinamama waliokuwa wanapanga foleni kwenye kibanda chake, wakaitambua injini, mmoja akaiita kwa jina walilokuwa wameipa zamani, Mnguruma. Wakaniambia mashine ya dizeli ililetwa kweli, lakini ilikuwa imeharibika nati fulani na wanasubiri fundi.

Mwenyekiti Nyamburi akaja naye. Watu wakafungua njia, wakatulia, maana wote walikuwepo kwenye mkutano ule. Aliinama akaitazama injini. Nilimwona anatafuta maneno. Mwishowe alisema alikosea. Alikuwa ameangalia petroli, hakuangalia kitu chenyewe.

Machage alifunga boneti.

"Panda, mwenyekiti," akasema. "Mbele. Nyuma pana joto."

Baada ya mwenyekiti kuzungushwa, Dafroza alilipeleka gari kwenye uwanja wa mpira, akashuka, akamwambia Machage ahamie kwenye usukani. Alikataa kwanza, akasema yeye ni mtu wa injini, mambo ya magurudumu ni ya mwenzake. Dafroza akamwambia gari ni lao wote na yeye hatamwendesha mzee mzima kila siku kama bibi harusi. Akakaa. Alizima mara kadhaa, akaruka kama chura, akakosa kugonga mwamba wa goli kwa nafasi ya kiganja. Kisha akaipata. Aliuzunguka ule uwanja wote, mwendo wa mtu anayetembea, mgongo umenyooka, na kila alipopita mbele yetu alikuwa anatazama mbele tu, asitusalimie, ila meno yake yote yalikuwa nje.

Tuliligawana hivyo kwa miaka. Msimu wa pamba likae Bunda, shule zikifungwa lije Nyasho. Petroli ilipokosekana lilikaa juu ya mawe miezi mizima, na wale wawili waliendelea kulifungua na kulifunga, kwa furaha ile ile. Mashine ya dizeli ya kijiji nayo waliitengeneza Machage na Dafroza, kwa sababu fundi aliyesubiriwa hakuja.

Lakini dereva bora katika sisi sote alikuja kuwa Mbuke. Hakuna aliyemfundisha rasmi. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma akitazama miguu ya wenzake. Sikukuu moja ndiye aliyetupeleka Kisorya kula sato wa kuchoma, barabara yote ya vumbi ile, kioo kimeshushwa, kitambaa chake cha kichwa kinapepea. Mume wake alikaa nyuma na mimi, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, anamwomba apunguze mwendo. Mbuke alikuwa anamwitikia kwa adabu kila mara, na hakupunguza.